Mnara wa Simu, Mashine ya Kutotolesha na Mayai Viza: Uchambuzi wa Kisa cha Mfugaji Mmoja Mkoani Mtwara

Kisa hiki kilitokea katika kijiji kimoja cha Uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara, nikiwa afisa ugani wa mifugo wa kata. Nimeondoa jina la kijiji na kubadili alama zote za kuwatambulisha watu. Mfugaji mwenyewe nitamwita Mama Somoe. Nilimsomea maandishi haya yote barazani kwake, akayakubali kwa sharti moja: nisije nikaandika kwamba alikuwa mjinga. Hakuwa. Ukisoma hadi mwisho utaona kwamba katika jambo kubwa kuliko yote, yeye alikuwa na habari sahihi na mimi nilikuwa nimeziba masikio.

Usuli

Mama Somoe ni mjane wa makamo. Kwa zaidi ya miaka 15 alifuga kuku wa kienyeji kwa njia tuliyoikuta kwa bibi zetu. Tetea akishataga mayai 12 au 13 huachiwa aatamie, na siku ya 21 vifaranga wanalia chini ya mbawa. Alizoea kupata vifaranga tisa au kumi kwa tetea mmoja. Mayai viza yalikuwepo, lakini machache, na hakuna aliyeyauliza yametoka wapi.

Kisha kampuni moja ya simu ikakodi kipande cha shamba la mikorosho la mjomba wake, ikasimamisha mnara. Nilipima kwa hatua baadaye: kutoka chini ya mnara hadi mlango wa Mama Somoe ni kama mita 140. Kwa ajili ya mnara ule ilivutwa laini ya umeme na kufungwa transfoma, na kaya zilizokuwa karibu zikapata nafasi ya kuunganishwa. Mama Somoe alikuwa mmoja wao. Msimu wa korosho ulipokwisha na malipo ya mnada kuingia, akanunua mashine ya kutotolesha yenye nafasi ya mayai 176: boksi la bati, sinia mbili, feni, koili ya kupashia joto na kioo kidogo kinachoonyesha nyuzijoto.

Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja vitu vitatu vigeni viliingia katika ua mmoja: mnara, umeme na mashine. Kijiji kizima, nami nikiwemo, kila mmoja alikiona kimoja tu.

Yaliyotokea

Mkupuo wa kwanza uliingia kwenye mashine Januari. Mayai 160, vifaranga 51. Aliambiwa ndiyo kujifunza, asikate tamaa. Mkupuo wa pili aliijaza mashine yote, mayai 176, wakatoka 38. Kwa kuwa matetea wake hawakutosha kuijaza, alikuwa ananunua mayai kwa majirani, anayakusanya kwenye ndoo chumbani, chini ya bati, hadi yatimie. Wakati mwingine yalichukua wiki mbili kutimia.

Mkupuo wa tatu, mwezi Aprili, ndio uliozua yote. Katika mayai 170 walitoka vifaranga 29, na baadhi yao walikuwa na kasoro za kutisha: mmoja mdomo umepishana kama mkasi usiofunga, wawili miguu imepinda, wengi vitovu viko wazi na unyevu. Walianza kutoka siku ya 19 badala ya 21. Ndani ya wiki moja kwenye bruda, yaani kizimba cha kuwapashia vifaranga joto, walikuwa wamebaki 11.

Jirani alipiga picha ya yule mwenye mdomo uliopishana, picha ikazunguka kwenye simu. Maelezo yaliyoambatana nayo yalikuwa tayari yameshahukumu: mionzi ya mnara inaharibu vifaranga, kesho itaharibu watoto. Mama Somoe akamfuata mjomba wake kudai fidia, kwa sababu kodi ya ule mnara anaila yeye. Mjomba akajibu kwamba mpwa wake ana wivu. Kwetu huku mjomba ana kauli juu ya watoto wa dada yake, na neno kama hilo likishatamkwa hadharani ni gumu kulirudisha. Msiba ulipotokea ukoo ule ule wiki chache baadaye, walikaa pande mbili za ua bila kusalimiana. Serikali ya kijiji ikaniita.

Ziara ya kwanza

Nilifika nikiwa na jibu mfukoni. Watu walikuwa wamekusanyika, mwenyekiti akaniomba niseme neno, nami nikasema mbele ya wote kwamba mnara hauwezi kuua kifaranga ndani ya yai, kwamba hizo ni habari za kwenye simu. Mama Somoe alinitazama, akasema taratibu: "Bwana mifugo, mimi umeme wa ule mnara nausikia mwilini. Kila nikishika mlango wa mashine mkono unanitekenya. Asubuhi nikimwaga maji ya vifaranga, ganzi inapanda hadi kwenye kiwiko. Wewe umeusikia?"

Watu wengine walicheka. Nilisema mawimbi ya simu hayasikiki mkononi, jambo ambalo ni kweli, nikapita. Sikuuliza ni mkono gani, saa ngapi, akiwa amevaa ndara au peku. Ilinichukua siku nne kurudi, na katika siku hizo nne mama yule aliendelea kushika ule mlango wa bati kila baada ya saa chache.

Kufungua mayai

Niliporudi nilikuwa peke yangu, na safari hii nilimwomba jambo moja: mayai ambayo hayakuanguliwa. Alikuwa ameyaweka kando kwa ushahidi, yote 141. Tuliketi chini ya mwembe tukayafungua moja moja kwa muda wa alasiri nzima. Harufu ilikuwa kali. Mfugaji yeyote mwenye mashine ningemsihi afanye kazi hii kabla ya kuita mtu, kwa sababu yai lisiloanguliwa huhifadhi tarehe ya kifo chake.

Tulipata mafungu manne. Mayai 34 hayakuwa na dalili yoyote ya kiinitete, yaani kifaranga anayeanza kuumbika. Mayai 47 yalikuwa na pete ya damu au kiinitete kidogo kilichokufa siku za mwanzo. Katikati, kati ya siku ya saba hivi na ya kumi na saba, yalikuwa 12 tu. Na 48 yalikuwa na kifaranga kamili, mwenye manyoya, aliyekufa akiwa karibu kutoka.

Hata kwa kuatamiwa vizuri, vifo vya viinitete hujikusanya katika vilele viwili: siku za mwanzo, mishipa ya damu inapoanza kazi, na siku za mwisho, kifaranga anapoanza kupumua kwa mapafu. Hapa vilele vilikuwepo lakini vilikuwa virefu kupita kiasi. Ukosefu wa vitamini B2 kwa kuku mama ungejitokeza zaidi kwenye lile fungu la katikati, na lilikuwa dogo. Kilele cha mwanzo kilinielekeza kwenye ndoo ya mayai. Kiinitete cha kuku hulala pale tu yai linapowekwa mahali pa baridi kidogo. Wataalamu hupendekeza nyuzi 15 hadi 18, na kwa muda usiozidi wiki moja. Chumba chenye bati Januari hadi Aprili huku kwetu ni cha joto mchana kutwa. Kiinitete kinaamka nusu, kinakua kidogo bila mpango, kinachoka, na kinapoingizwa kwenye mashine hakina nguvu tena.

Kilele cha mwisho, pamoja na kutoka siku ya 19 na vitovu vilivyo wazi, kilinielekeza kwenye joto. Vifaranga wanaotoka mapema wakiwa na vitovu visivyofunga ni alama ya zamani ya mashine iliyozidi joto. Kioo kiliandika 37.7, joto sahihi kabisa. Niliweka kipimajoto changu cha zebaki kwenye sinia ya juu, kona ya mbali na feni, nikasubiri nusu saa. Kilisoma 39.1. Kihisio cha joto cha mashine kilikuwa kimening'inia karibu kabisa na tundu la kuingizia hewa, kikisoma hewa ya nje iliyochanganyika na ya ndani.

Karibu nyuzi moja na nusu zinaonekana kidogo kwa mtu. Kwa kiinitete ni nyingi. Joto lililozidi siku za mwanzo, wakati kichwa na viungo vinaundwa, linajulikana kuleta hasa kasoro za namna ile: midomo iliyopishana, macho yasiyokamilika, miguu iliyopinda.

Ndipo nikashika mlango wa mashine kuufunga, nikiwa nimevua viatu kwa sababu ya uchafu wa mayai, na mkono wangu ukatekenywa.

Fundi wa umeme alikuja kesho yake. Testa iliwaka kwenye bati la mashine, na ikawaka kwenye wavu wa bruda. Ekstensheni iliyopeleka umeme nyuma ya nyumba ilikuwa imepitishwa juu ya ukingo wa bati, ganda la waya limelika, na nyumba nzima haikuwa na waya wa ethi unaofika ardhini. Umeme uliokuwa unampanda hadi kwenye kiwiko ulikuwa wa kweli. Haukutoka mnarani, ulitoka kwenye soketi yake mwenyewe, na sakafu ikiwa na maji na mama akiwa peku, ungeweza kumuua. Nimewahi kuzika mtu kwa sababu ya waya wa namna hiyo, na bado siku ya kwanza nilimpita.

Shaka yenyewe ilikuwa na msingi gani?

Baada ya kuona haya ningeweza kufunga faili. Sikufunga, kwa sababu shaka kwamba umeme na mawimbi vinaweza kumdhuru mnyama anayeumbika si ya vijiweni tu. Imefanyiwa utafiti wa miaka mingi, na sehemu kubwa ya utafiti huo ilitumia yai la kuku.

Mwaka 1982, kundi la José Delgado huko Hispania lilitangaza kwamba mayai yaliyowekwa kwenye uga dhaifu wa sumaku, yaani eneo linalofikiwa na nguvu ya sumaku, unaopigapiga mara nyingi kwa sekunde, yalitoa viinitete vyenye kasoro nyingi. Habari ile ilishtua, wengine wakairudia, na majibu yakatofautiana. Hatimaye maabara sita za nchi mbalimbali zilikubaliana kutumia vifaa vya aina moja na utaratibu mmoja, katika mradi uliojulikana kwa jina la Henhouse. Mayai yaliwekwa saa 48 kwenye uga wa mikrotesla 1 (kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku) unaopigapiga mara 100 kwa sekunde, mengine yakiwekwa kwenye vifaa vivyo hivyo bila uga, na aliyechunguza viinitete hakujua lipi ni lipi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Katika maabara mbili kati ya sita tofauti ilikuwa ya wazi; katika nne haikuwa. Yalipojumlishwa yote, viinitete vyenye kasoro vilizidi upande wa uga: takribani 25 kwa mia dhidi ya 19 kwa mia.

Ninayatazama matokeo hayo kwa heshima. Hayasemi kwamba hakuna kitu, wala hayasemi kwamba mnara unaua vifaranga. Na msomaji aone jambo jingine: hata upande ambao haukuwashwa uga ulikuwa na karibu kiinitete kimoja chenye kasoro katika kila vitano. Mtu akitazama upande mmoja tu, bila wa kulinganisha nao, ataona kasoro na kuamini amempata mkosaji.

Kwa mawimbi ya simu, jaribio kubwa zaidi la wanyama ni lile la mpango wa taifa wa Marekani wa kuchunguza sumu, lililotolewa mwaka 2018. Panya waliwekwa kwenye mawimbi ya simu tangu wakiwa tumboni, saa 9 kwa siku, na watoto wa panya waliopata mawimbi walikuwa na uzito mdogo kuliko wenzao. Hilo lipo na lisifichwe. Lakini kiasi cha chini kabisa walichopewa kilikuwa wati 1.5 kwa kila kilo ya mwili, mwili mzima. Kikomo cha kimataifa kwa watu wa kawaida, kilichowekwa na ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, ni wati 0.08 kwa kilo. Panya waliopata kidogo kabisa walipata karibu mara 19 ya hapo. Shirika la utafiti wa saratani la IARC liliuweka uga wa sumaku wa nyaya za umeme kwenye kundi la vitu vinavyoweza kuwa na madhara, 2B, mwaka 2002, na mawimbi ya redio mwaka 2011. Kundi hilo linahusu saratani. Halisemi lolote kuhusu midomo ya vifaranga.

Dhara ambalo limethibitishwa pasipo ubishi ni joto. Mawimbi ya redio yakiwa makali hupasha mwili, na mwili mchanga hauvumilii kupashwa. Kwa hiyo nilipiga hesabu ya mnara wetu pamoja na mwalimu wa fizikia wa sekondari ya kata. Tulichukulia hali mbaya kabisa: kwamba nguvu inayorushwa kwenye mwelekeo wa nyumba ni sawa na wati 1,000 na hakuna mti wala ukuta unaozuia. Kwa mita 140, mawimbi yanayofika ni kama wati 0.004 kwa kila mita ya mraba. Kikomo cha ICNIRP kwa masafa ya megahezi 900 ni wati 4.5. Tuko mara elfu moja chini, na kiasi hicho hakiwezi kupasha yai kwa namna ambayo kipimajoto chochote kingeiona, wakati mashine yenyewe ilikuwa inalipasha nyuzi moja na nusu zaidi. Vikomo hivyo viliwekwa kwa ajili ya watu na si mayai. Nilimwambia Mama Somoe hivyo pia.

Mwalimu aliongeza jambo ambalo sikulifikiria. Uga wa sumaku hushuka haraka sana ukitoka kwenye chanzo. Kwa yai lililo ndani ya mashine, chanzo kikubwa cha uga si mnara wala nguzo ya barabarani. Ni mota ya feni na koili, sentimita chache kutoka kwenye sinia. Anayeogopa uga kwa ajili ya mayai yake angeanza kwa kuuliza mota imefungwa wapi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza haukuwa na mjadala: umeme ulikatwa siku ile ile. Ethi ikachimbiwa, waya ukabadilishwa, kikafungwa kikatio kinachohisi uvujaji wa umeme. Nondo ya shaba ya ethi ilinunuliwa na mjomba. Hakuja mwenyewe, alimtuma kijana. Mama Somoe aliipokea.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuyagawa mayai. Hesabu ya mwalimu ilinitosha mimi, haikumtosha yeye, na alikuwa na haki. Hakuwahi kunidai hesabu, alinidai vifaranga. Tulikubaliana kuacha mashine pembeni kabisa na kurudi kwa matetea, kwa sababu tetea hana thamostati ya kudanganya. Mayai 72 ya matetea wale wale, yote ya chini ya siku tano, yaliandikwa namba kwa penseli. Binti wa darasa la sita akavuta karatasi kwenye kofia: 36 yabaki kwa Mama Somoe, mnara ukionekana kutoka kwenye viota, na 36 yaende kwa dada yake wa kijiji cha pili, kilomita tatu hivi, bondeni, ambako hakuna umeme wala mnara. Matetea watatu kila upande, mayai 12 kila mmoja, mahindi na maji ya namna moja. Mayai ya pande zote mbili yalisafirishwa kwa baiskeli umbali ule ule, hata yale ya nyumbani, ili mtikisiko uwe sawa. Hilo lilikuwa wazo lake.

Yasiyoanguliwa yangefunguliwa na mwenzangu wa kata jirani, akipewa namba tu.

Ilikuwa Juni, na mashamba yalikuwa yanapigwa salfa ya kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Vumbi lake linafika kila mahali, lakini lilifika pande zote mbili.

Uamuzi wa tatu ulihusu mashine: kihisio kikahamishwa hadi usawa wa mayai, joto likarekebishwa kwa kipimajoto cha zebaki, maji yakaongezwa siku tatu za mwisho, mayai yakageuzwa hadi siku ya 18 tu. Ndoo ya chumbani ikaachwa. Mayai yakawekwa kwenye mtungi uliofukiwa nusu kwenye mchanga mbichi chini ya mwembe, na hakuna yai lililopita siku tano. Mtungi hauleti nyuzi 18, lakini mchana ulikuwa baridi kuliko chumba kwa nyuzi nyingi.

Matokeo

Upande wa mnara waliangua vifaranga 30 kati ya mayai 36. Bondeni, 29. Hakuna kifaranga mwenye mdomo uliopishana upande wowote. Mmoja wa bondeni alikuwa na vidole vilivyokunjamana. Mwenzangu alipofungua yaliyobaki hakuona tofauti ya kuandika.

Mashine iliporudi kazini, mkupuo wa nne ulikuwa wa mayai 120. Kwa kumulika na tochi siku ya saba tulitoa 14 yasiyo na kitu, na katika 106 yaliyobaki walitoka 81. Mkupuo wa tano, mayai 132, walitoka 92. Walitoka siku ya 21, vitovu vimefunga. Wale waliokuwa wanakufa bruda wiki ya kwanza nao wakapungua sana, na hilo halikunishangaza: kitovu kilicho wazi ni mlango wa vijidudu, na vifaranga wa Aprili waliingia bruda wakiwa wagonjwa tayari.

Mama Somoe na mjomba wake sasa wanasalimiana. Fidia haijadaiwa tena, na yale maneno kuhusu wivu hayajaombewa radhi.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichofaa zaidi ni kuyafungua mayai na kuyagawa. Vyote viwili havikugharimu chochote isipokuwa subira. Kugawa mayai kulimpa Mama Somoe jibu alilolitazama kwa macho yake, kwa kuku wake, na yeye akiwa mmoja wa waliolipanga. Nimeona maafisa, nami nikiwa mmoja wao, wakitumia saa nzima kueleza mawimbi kwa mtu ambaye angetosheka na matetea sita.

Lakini jaribio letu lilikuwa dogo, na hapa naomba nisomwe kwa makini. Vifaranga 30 dhidi ya 29 ni tofauti ya bahati. Hata kama ingekuwa 30 dhidi ya 25, kwa mayai 36 kila upande bado isingetosha kuhukumu. Tulichoonyesha ni kwamba mnara haukuwa chanzo cha maafa makubwa, yale ya kupata vifaranga 29 katika mayai 170. Athari ndogo, ya yai moja au mawili katika kila mia, isingeonekana kwetu; maabara sita zenye vifaa kamili zilipata tabu kukubaliana juu ya tofauti kubwa kuliko hiyo. Mwenyekiti alipotangaza mkutanoni kwamba "wataalamu wamethibitisha mnara ni salama," alisema zaidi ya tulichokipata, nami nilinyamaza kwa sababu nilifurahi ugomvi unaisha. Nilipaswa kusimama.

Kosa jingine ni kwenye mashine. Tulibadilisha joto, hifadhi, unyevu na kugeuza kwa pamoja, na majira nayo yakabadilika: mikupuo mibaya ilikuwa ya majira ya joto na mvua, mizuri ni ya kipupwe. Siwezi kusema kwa uhakika mtungi ulichangia kiasi gani na kihisio kiasi gani. Mfugaji mwenye mashine yenye sinia mbili angeweza kupata jibu hilo kwa urahisi kwa kuweka mayai ya mtungi sinia moja na ya chumbani sinia nyingine, katika mkupuo ule ule, kisha kuzibadilishana nafasi kila siku. Hatukufikiria.

Hatukumpima kifaranga hata mmoja uzito. Jaribio la panya lilionyesha athari kwenye uzito, nasi tulihesabu tu walio hai. Na hatukupata kipimo halisi cha mawimbi, tulitegemea hesabu. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo yenye kazi ya kupima mionzi ya minara, na kijiji chochote chenye shaka kinaweza kuandika barua kupitia halmashauri kuomba upimaji. Barua yetu niliiandika kwa kuchelewa, ugomvi ukiwa umeshapoa, wakati ilipaswa kuwa karatasi ya kwanza.

Lakini kosa ninaloliwaza usiku ni lile la siku ya kwanza. Mama aliniambia anatekenywa mkono. Alikosea kutaja chanzo. Dalili aliitaja sawasawa, kwa mahali na kwa saa. Mimi nilikataa chanzo na nikaitupa dalili pamoja nacho. Katika daftari langu la ziara sasa nina ukurasa wa kushoto wa maneno ya mfugaji kama alivyoyasema, na wa kulia wa mawazo yangu, na sijaziruhusu kurasa hizo zichanganyike kabla sijashika kitu chenyewe kwa mkono.

Msimu ujao, korosho zikishauzwa, tunarudia. Matetea 12 kila upande safari hii, na vifaranga watapimwa siku ya kwanza, ya saba na ya 28. Mama Somoe ameshaazima mizani ya dukani kwa mjomba wake.